Tundu la Nane

Mkunga alikuwa amejikunja ndani ya beseni la kufulia, mweusi, mnene kama mkono wa mtu, na kwenye pezi lake la mgongoni palining'inia uzi mwekundu wenye mafundo mawili.

"Ni wako huyo," Mama alisema kutoka kwenye kiti chake. "Uzi ni wako, mafundo ni yako. Mchukue mwanao kabla sijampaka chumvi."

Bibi Mikunga hakucheka. Jina hilo alibandikwa na mafundi wa bwawa, na alilizoea, kwa sababu kwa miaka mitatu kazi yake ilikuwa hiyo: kukaa kwenye chumba cha matangi kule juu mlimani, kuwapima mikunga, kuwafunga nyuzi na kuandika wanapolala na wanapoamkia. Siku nyingine mzaha wa Mama ungemkalisha chini acheke mpaka mbavu zimuume. Leo alichuchumaa, akayahesabu mafundo mara mbili.

"Mama, huyu umemtoa wapi?"

"Mferejini, huko nyuma. Nilikuwa nafua asubuhi nikamwona anajinyonganyonga."

"Ulikuwa unafua na mvua yote hii?"

"Nguo chafu hazijui mvua."

Mvua ilikuwa na siku tatu haijanyamaza. Nyumba ya Mama ilijengwa na marehemu mumewe, baba yao Bibi Mikunga na kaka yake, aliyekuwa mlinzi wa kwanza wa lango la maji, na kwa sababu zake mwenyewe aliichimbia chini kabisa ya tuta, ukuta wa chumba cha kulala ukiegemea udongo wa tuta lenyewe. Upande huu nyumba, upande ule bwawa, katikati tuta lenye unene wa hatua ishirini. Ukiwa umelala kitandani kwa Mama, maji yalikuwa juu ya kichwa chako. Hakuna aliyewahi kulifikiria sana jambo hilo, maana baba alilala hapo miaka thelathini na akafa kwa homa.

Mkunga huyu alipaswa kuwa upande wa bwawa.

Na hakuwa mkunga yeyote tu. Mwaka wa kwanza wa utafiti wake, Bibi Mikunga alitia tangini trei nne: changarawe, mchanga, tope laini, na vipande vya bomba. Akawaachia mikunga ishirini wachague. Kulipokucha kumi na tisa walikuwa wamezama kwenye tope, pua tu nje, wametulia kama wageni waliokwisha kula. Wa ishirini alikuwa ndani ya bomba. Akamtoa, akamrudisha, akabadilisha trei mahali, ikawa vilevile. Mkunga huyo hakuchimba hata siku moja. Aliingia tundu lililokwisha kuwapo, basi. Akamfunga uzi wa mafundo mawili, akamwita Mbishi, na alipomaliza kumpima akamwachia bwawani pamoja na wenzake.

Ikiwa Mbishi alikuwa upande huu, basi kulikuwa na njia iliyokwisha kuchimbwa.

Alimkandamiza kwa taulo, akainua shavu lake kwa kidole gumba na kupangusa ndani kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kilitoka chekundu. Akadhani ni damu, akakisugua kwa vidole: kilikuwa udongo, laini, wa kuteleza. Tope la bwawani lilikuwa jeusi. Udongo mwekundu ulikuwa mahali pamoja tu, ndani ya tumbo la tuta, baba yao na wenzake walikoushindilia ili maji yasipite.

"Mbona umekuwa kama umeona jini?" Mama aliuliza.

"Nakuja, Mama. Usiende kokote."

"Niende wapi?" alisema Mama, na wakati huo lilionekana jibu la kawaida.

Kaka yake alikuwa juu ya tuta, amevaa koti la mvua, mwiko wa saruji mkononi. Huyu ndiye aliyerithi kazi ya baba, na watu walimwita Komeo, kwa sababu ya lango na pia kwa sababu ukimwambia siri haitoki. Maji ya bwawa yalikuwa yamepita alama nyekundu ya nguzo ya kupimia kina kwa upana wa vidole viwili.

"Kaka, fungua lango."

"Shikamoo huna?"

"Shikamoo. Fungua lango."

"Kwa amri ya nani?"

Akamwonyesha kitambaa, akamweleza. Komeo alisikiliza huku akichezea mwiko. Bibi Mikunga alimjua kaka yake: alipokuwa na wasiwasi mikono yake haikutulia.

"Wewe mwenyewe," Komeo alisema mwishowe, "uliniambia mikunga mvua ikinyesha hutoka majini wakatembea kwenye nyasi. Umeniambia hapahapa. Kapanda tuta, kashuka upande wa pili, kaangukia mferejini kwa Mama. Udongo kaupata njiani."

"Njiani ni nyasi, Kaka. Udongo mwekundu uko ndani."

"Matundu yote nimeziba. Saba. Nenda kahesabu."

Hakuhitaji kwenda. Wiki mbili nyuma yalionekana matundu saba upande wa nje wa tuta, kila moja likitoa maji membamba, na Komeo akayaziba yote kwa saruji, moja baada ya jingine, akapiga mwiko juu kama fundi anayemaliza kaburi la tajiri. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alijisifu siku ile. Methali ni nzuri, lakini haikusema ufa uzibwe upande gani. Ukiziba mlango wa nje, maji yako ndani bado yanasukuma, yanatafuta pengine pa kutokea. Na mkunga naye ukimfungia mlango hakai akalia, anachimba mwingine. Bibi Mikunga alilijua hilo siku ileile, akanyamaza.

Alinyamaza kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa lake.

Zamani mteremko wa tuta upande wa maji ulifunikwa kwa mawe na changarawe. Baba yao aliyapanga mawe yale kwa mkono, jiwe kwa jiwe, msimu mzima. Mkunga hapendi changarawe. Inamchubua, haishiki umbo, akichimba inamwangukia. Ndiyo maana miaka yote hakuna mkunga aliyeligusa tuta. Kisha akaja binti mwenye trei zake nne, mwenye huruma kwa samaki waliokosa makazi, akamwambia kaka yake: Nitolee mawe hatua arobaini tu, uniwekee tope laini la mtoni, uone watakavyozaliana vizuri. Hata hakujua kwamba mikunga hawazai bwawani. Hilo alilisoma baadaye, akaona aibu peke yake. Komeo hakuiuliza ofisi ya bwawa. Alisema, "Kwa ajili yako, mdogo wangu," akayatoa mawe kwa siku nne. Mikunga wakaja kama walioitwa harusini. Wakachimba tope, tope likawaishia, na nyuma ya tope kulikuwa na udongo mwekundu uliolainika kwa maji.

Kila lango lilipofunguliwa, iliandikwa kwenye kitabu: tarehe, mizunguko mingapi ya gurudumu, sababu. Na ofisi ilikisoma kitabu hicho mstari kwa mstari. Andika "tuta linavuja" na kesho wangekuja kulikagua, na wa kwanza kuulizwa angekuwa Komeo: mawe yako wapi?

"Baba alisemaje?" Komeo aliuliza. "Maji meupe ni jasho, maji mekundu ni damu. Si ndiyo? Basi twende mferejini tukaangalie. Yakiwa mekundu nafungua sasa hivi, na kazi waichukue."

Wakateremka kwa kushikana mabega maana nyasi ziliteleza. Mfereji wa nyuma ya nyumba ulikuwa umejaa, ukikimbia, na maji yake yalikuwa meupe kiasi kwamba kokoto za chini zilionekana. Bibi Mikunga aliufuata kutoka mwanzo hadi mwisho, amekunja sketi, akapapasa kingo zote mbili kwa mikono. Hakuna tundu. Hakuna hata dalili ya wekundu.

"Haya," Komeo alisema. "Jasho au damu?"

"Jasho."

"Alhamdulillahi." Akapumua kwa nguvu, na Bibi Mikunga akaona jinsi kaka yake alivyokuwa na hofu muda wote ule. "Mpeleke mkunga wako nyumbani, mdogo wangu. Mimi narudi juu kuangalia nguzo."

Alisimama pale mvua ikimpiga. Alitaka kufurahi, ila furaha ilikataa kuja. Mbishi hachimbi. Udongo mwekundu haudondoki toka mbinguni. Kama hakutokea mferejini, ametokea wapi? Labda Mama alikosea mahali. Ngoja nikamuulize vizuri, akajiambia, anionyeshe kwa kidole.

Aliingia akivua viatu mlangoni, na hapo ndipo alipoviona viatu vya Mama. Vilikuwa kizingitini, vimepangwa pamoja, na juu yake palikuwa na vumbi. Aliinama akavigusa. Vikavu. Fimbo ya Mama ilikuwa imeegemea ukuta, na mpira wa chini yake ulikuwa mkavu vilevile, na uzi mwembamba wa buibui ulitoka kwenye mpini wake hadi kwenye msumari.

"Mama, zile nguo ulizofua ziko wapi?"

Mama alikuwa kwenye kiti kilekile. Jana mchana walikula pamoja, Mama akiwa kwenye kiti hichohicho, juzi pia. Binti mzima, mwenye vyeti vya kusoma tabia za samaki, mwenye daftari la mkunga gani kahama shimo gani saa ngapi, na hakuwa ameona kwamba mama yake hajatoka kwenye kiti kimoja.

"Mama, simama."

"Nisimame kwa nini? Kuna wimbo wa taifa?"

"Simama tu, nakuomba."

Mama akaitazama mikono yake mapajani. "Kiuno kimegoma," alisema polepole. "Tangu juzi. Kitarudi tu."

"Basi mferejini ulifikaje?"

Mama akageuza macho, na Bibi Mikunga akaona tambara lililoviringishwa na kusukumwa chini ya mlango wa chumba cha kulala. Lilikuwa limeloa, na lilikuwa jekundu.

Akaufungua mlango. Sakafu ya saruji ilikuwa imepasuka kutoka ukutani hadi chini ya kitanda. Alipiga magoti, akainua shuka lililoning'inia. Pale chini kulikuwa na tundu la kuingia ngumi, na maji yalikuwa yakichemka humo bila moto, mekundu, mazito, yakitupa vibonge vya udongo pembeni. Alipokuwa akitazama, ukingo wa tundu ulimeguka, likawa la kuingia ngumi mbili. Lile lilikuwa tundu la nane. Saruji ya Komeo ndiyo iliyoyaleta maji hapa.

"Kaka!" Alitoka nje akapiga ukelele ambao hakuwahi kuupiga tangu utoto. "Kaka! Damu! Iko ndani! Kwa Mama!"

Komeo alishuka tuta kwa makalio. Aliingia chumbani, akatoka, uso umemsawijika. "Mama, umekaa na haya tangu lini?"

"Jana asubuhi. Yalikuwa madogo. Nilijikokota nikaweka tambara." Mama alizungumza haraka sasa, kama mtoto aliyeshikwa. "Huyo samaki alipita chini ya mlango akaja mpaka miguuni kwangu, nikamtia beseni. Nikajua. Nikampigia mwanangu aje amchukue tu, nikasema mferejini. Mkinitoa humu, nyie watoto, sitarudi. Nawajua. Mtanipeleka chumba cha kupanga nikatazamane na ukuta."

"Mama, ungekufa!"

"Na ningesema maji yako humu, wangemuuliza kaka yako mawe yako wapi."

Kaka na dada wakatazamana.

"Mlidhani sijui?" Mama alisema. "Yamerundikwa nyuma ya choo changu. Baba yenu aliyabeba hayo mawe nikimpelekea chakula kila mchana. Nayajua kama ninavyoyajua meno yangu."

Kutoka chumbani ukasikika mlio, kama mtu anayemeza funda kubwa la maji.

Hapakuwa na nafasi ya kulia. Komeo aligeuka, akachutama, na Bibi Mikunga akamwinua Mama na kumpakia mgongoni kwake. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, na hilo lilimuuma. Walitoka kwenye mvua, Komeo mbele akipanda njia ya mlimani kuelekea chumba cha matangi, Mama ameng'ang'ania shingo yake, Bibi Mikunga nyuma akimsukuma kwa mikono miwili. Mara mbili Komeo aliteleza, na mara zote mbili alipiga goti bila kumwachia. Walimweka Mama dirishani, kwenye kiti cha Bibi Mikunga, kati ya matangi, kisha wakakimbia langoni.

Gurudumu lilikuwa halijaguswa tangu kiangazi. Lilitaka watu wawili. Mzunguko wa kwanza uliwatoa machozi. Wa pili ukalia chuma kwa chuma. Wa tatu ndipo maji yalipoanza kunguruma chini ya miguu yao, yakitokea upande wa mto.

"Hesabu!" Komeo alipiga kelele.

"Nne! Kaka, ni mimi niliyeomba mawe yatoke."

"Zungusha!"

"Tano! Nilijua kuziba kwa nje ni makosa, nikakaa kimya."

"Na mimi nilijua, ndiyo maana nilitumia saruji nyingi! Zungusha, mwanamke!"

Kwenye mzunguko wa tisa tuta lilipumua. Hakuna neno jingine. Kipande cha mteremko juu ya nyumba ya Mama kiliketi chini taratibu, nyasi zake zikiwa bado zimesimama, na ukuta wa chumba cha kulala ukaingia ndani. Maji mekundu yalitokea mlangoni, yakabeba kiti, yakabeba viatu, yakabeba beseni pamoja na Mbishi ndani yake. Bibi Mikunga alifumba macho. Alipofumbua, kaka yake alikuwa bado anazungusha peke yake, meno nje, mishipa ya shingo imesimama, naye akarudi kushika.

Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Bwawa lilishuka. Liliteremka chini ya alama nyekundu, chini ya alama nyeupe, chini ya mahali palipokuwa na tope laini la Bibi Mikunga, na midomo ya mashimo ikabaki wazi kando ya maji, mingi, midogo, ya duara. Ndani yake, alijua, mikunga walikuwa wakijizamisha zaidi kwenye unyevu, kama wafanyavyo maji yanapowakimbia. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hakutaka kujua ni wangapi. Maji yaliyotoka mlangoni kwa Mama yalipungua, yakawa membamba, yakakoma. Nyumba ilikuwa imesimama nusu. Mahali pa kitanda palikuwa na udongo uliofika darini.

Walipanda mpaka chumba cha matangi. Mama alikuwa dirishani, amekaa wima. Alikuwa ameona yote.

"Kitanda kimekwenda," alisema.

"Kimekwenda, Mama," Komeo alijibu, akaketi sakafuni karibu na miguu yake, akaweka kichwa gotini kwake. Mtu mzima mwenye mvi. Mama alimpangusa matope masikioni kwa kidole.

Baada ya muda Komeo alivuta kitabu cha lango kutoka kwenye mfuko wa nailoni ndani ya koti. Aliandika tarehe. Aliandika mizunguko kumi na miwili. Kwenye *Sababu* kalamu ilisimama, kisha akaandika neno moja: mikunga.

Bibi Mikunga alilisoma. Akaichukua kalamu mkononi mwake, akalikata neno lile kwa mstari mmoja, akaandika kwamba mawe ya mteremko yaliondolewa hatua arobaini bila idhini, kwa ombi lake, na kwamba matundu yalizibwa upande wa nje naye akijua ni makosa. Akatia jina lake. Akamrudishia kaka yake, naye, baada ya kukitazama sana, akaandika kwamba aliyeyaondoa ni yeye na aliyeziba ni yeye. Akatia lake.

"Nisomeeni," Mama alisema.

Wakamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kama anayeonja kitu kinachokosa chumvi.

"Hamjamaliza," alisema. "Ongezeni: mama yao alijua tangu mawe yalipotoka, na maji aliyaona jana, akanyamaza."

"Mama, hiyo ofisi haikuulizi wewe."

"Sikuzaa watoto wawili waende kushitakiwa nimekaa. Andika."

Hapakuwa na nafasi tena kwenye mstari. Komeo alikigeuza kitabu ubavu, akaandika kwenye ukingo wa karatasi, kwa herufi ndogo sana, na alipofika kwenye jina alimpa Mama kalamu. Mama akaishika kwa mkono uliokuwa bado una udongo mwekundu chini ya kucha, akatia sahihi yake pale alipoonyeshwa.